Majibu Niliyoyafuta

Baba,

Shikamoo. Nimeandika neno hilo nikangoja kidogo, kama nilivyokuwa nangoja simu yako ishike mtandao ukiwa umesimama juu ya kile kichuguu cha shambani. Halafu nikakumbuka. Arobaini yako imepita na mimi bado nangoja marahaba.

Nimerudi mjini, Mtanda, nimefungua steshenari. Watu wanakuja kutoa kopi, wanaingiziwa nyimbo kwenye flashi, wananipa pole huku wakisubiri. Ikifika siku ya kukutumia kadi yako ya memori, mkono wangu unakwenda wenyewe kwenye droo. Barua hii ni ya habari za kadi hiyo, na ninaona aibu hata kuianza.

Unakumbuka tulivyoanza? Nilikununulia kile kiredio cha kuchomeka kadi ili usikilize mawaidha na taarabu. Wiki moja tu, ukaniambia, "Mama, hizi nimezimaliza. Niletee watu wanaozungumza mambo." Uliniita mama kwa kuwa nina jina la mama yako, na ukiniita hivyo nilikuwa siwezi kukunyima kitu. Nikaanza kukupakulia podikasti. Yule dada wa sheria anayefafanua mirathi na ardhi. Yule bwana wa historia mwenye kikohozi. Wale vijana wawili wa sanaa na utamaduni wanaocheka kuliko wanavyoongea. Na ile blogu ya mambo ya kale ya Kilwa nikakuchapia kwa herufi kubwa, ukabandika karatasi zake ukutani juu ya kitanda, mama akalalamika kwamba chumba kimekuwa ofisi ya kata. Kadi zilikuwa mbili. Moja ikiwa kwako Likawage, nyingine iko kwangu au njiani, imefungwa kwenye karatasi, amekabidhiwa kondakta mpaka Nangurukuru, na kutoka hapo mwenye pikipiki yeyote anayekufahamu.

Mkulima wa ufuta uliyeishia darasa la saba, uliwajua watangazaji wale kama wakwe zako. Bi Somoe, jirani yetu, alipofiwa na mumewe na shemeji zake wakalitaka shamba, ulimkalisha kwenye mkeka akasikiliza kipindi cha mirathi mara tatu, kisha ukamsindikiza baraza la ardhi. Shamba analo mpaka leo. Siku ya mazishi alilia akisema mwalimu wake kaondoka, na wageni wakaulizana ulifundisha shule gani.

Kwenye simu maswali yako yalikuwa yaleyale. "Umesikia nilivyomjibu yule bwana wa historia?" Mimi nina wateja watatu mbele yangu, printa imekwama karatasi, nasema, "Nimesikia, baba." Nilidhani ni kule kugombana kwako na redio, kama ulivyokuwa ukigombana na taarifa ya habari tangu tukiwa wadogo. "Umewafikishia?" Nimewafikishia. "Wamesemaje?" Hapo nilikuwa nacheka. "Wamefurahi sana, baba, wanakusalimia." Nawe ulikuwa unasema alhamdulillah, taratibu, kama mtu aliyepewa kitu kikubwa.

Siku ya arobaini nilikaa na mama chumbani, maana yuko eda. Akafungua pindo la khanga yake akatoa kadi. "Hii hakuwahi kuituma," akasema. "Alikuwa hajamaliza kumjibu yule wa kipindi cha vinyago." Nikauliza, kumjibu kwa njia gani? Akachukua kiredio chako akanionyesha kitufe chekundu pembeni, cha kurekodi. Miaka mitatu kimekaa pale na mimi niliyekinunua sikuwahi kujua ni cha nini. Akanieleza kwamba kipindi kikiisha watu wote nyumbani walikuwa wananyamazishwa, kuku wanafukuzwa uani, unasafisha koo, unabonyeza, unaanza na salamu. Kila kipindi na jibu lake. Kisha unafunga kadi kwenye karatasi na kuituma kwangu.

Baba, mimi niliyafuta.

Hapa kadi ikiingia kwenye kompyuta, kitu cha kwanza ni kuisafisha ipate nafasi. Tunaifanyia hivyo kadi ya kila mtu, mkono hauulizi kichwa. Yako niliisafisha ikiwa bado na vumbi la kwetu. Sikuifungua hata mara moja nione kuna nini. Hata vipindi vyenyewe sikusikiliza, nilikuwa napakua, naingiza, natuma, najisifu kwa watu kwamba mimi namjali baba. Ulinitumia sauti yako miaka yote hiyo, nami naifuta na kukuambia imefika. Mama anasema jibu lako juu ya vita vya Majimaji lilikuwa refu kuliko kipindi. Kwamba ulieleza habari za bibi yako alivyobeba mtama kupeleka porini akiwa msichana, habari ambazo sisi wanao hukuwahi kutusimulia. Sasa hayupo tena wa kutusimulia. Fundi wa simu amejaribu ile kadi nyingine siku mbili, akanirudishia. Anasema juu ya kilichofutwa pameandikwa kingine mara nyingi mno.

Na mama sikumwambia. Alitabasamu, baba, mara ya kwanza tangu presha ilipokuangusha shambani. "Bora wewe unazo sauti zake zote," akasema. "Nikitoka eda utanichezea, tuanze la kwanza." Nikaitikia. Nilikulisha wewe uongo wangu, sasa namlisha na yeye.

Kadi ya kwenye pindo la khanga ina vipindi sita na majibu matano, na la sita limeanza tu. Nimezihifadhi nakala mahali patatu, na juu ya kompyuta nimebandika karatasi: usifute kabla hujasikiliza. Wateja wanacheka. Nimetaka kuruka moja kwa moja kwenye sauti yako, nimeshindwa. Nimeona nikufanyie heshima, nisikilize kwanza ulichokuwa unakijibu. Jana nimefungua kipindi cha kwanza. Yule dada wa sheria akatoa salamu kwa wasikilizaji wote, nikasikia mdomo wangu unamuitikia, peke yangu dukani, kama mjinga. Nikakielewa kitufe chekundu. Nikalia mpaka mteja akarudi nyuma.

Nakuahidi mambo mawili. Mama nitamwambia ukweli, kwa mdomo wangu, siku atakayotoka eda, hata akininunia. Na majibu haya matano na nusu nitayatuma kwa wenyewe, kila mmoja lake, kwa jina lako na la Likawage.

Lala, baba. Mungu akupe nafasi iliyo pana kuliko niliyokupa mimi. Nitakuja kaburini na utakuwa na swali lako lilelile, wamesemaje. Safari hii sitasema wanakusalimia mpaka wawe wamekusalimia.

Mama yako mdogo,
Mwanahawa