Honi Mbili

Mgahawani, kilomita ya 209
4 Februari

Mdogo wangu,

U hali gani? Na mgongo, bado unakusumbua kwenye kiti hicho cha lori? Mimi mzima, ila midomo imepasuka kwa upepo wa jangwa hili lenu.

Huu ni mwezi wa pili tangu niache jiko la shule nikaja huku kwa maneno yako. "Dada, fungua mgahawa barabarani, madereva wanakufa njaa. Mimi ndiye kiongozi wa msafara." Ukaniapia kwamba lori la mbele likipiga honi mbili, yote kumi na mawili yanasimama watu wale. Haya, nimepaka chokaa ukutani, nimetengenezesha mabenchi, na kila Jumatano nabandika sufuria lile kubwa.

Jana tena mmepita. Nilikuwa mlangoni na upawa mkononi, nikasubiri honi mpaka lori la mwisho likapotea. Nimekula vumbi lenu, basi. Kulikoni?

Dada yako

*

Njiani
15 Februari

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo. Mimi sijambo, mgongo ndio hivyo hivyo. Pole sana na upepo.

Dada, nisamehe. Tajiri amepiga marufuku kusimama njiani. Amefunga mtambo kwenye lori, ukizima injini tu anajua. Tunatafuna mikate mikavu huku tunaendesha, ungetuona ungetuhurumia. Juzi nimemwota mama anatupakulia mchuzi wake wa mbuzi, nikaamka mate yananitoka. Vumilia kidogo, nitaongea na tajiri.

Mdogo wako

*

Kilomita ya 209
21 Machi

Mdogo wangu,

Hujambo? Nauliza kwa sababu ndivyo tulivyolelewa.

Jumamosi yule dereva wa boza, anayeniletea maji na barua zako, alinikuta namwaga chakula kilicholala. Nikamwambia jangwa hili halina walaji. Akashangaa. "Mama, hujafika kilomita ya 260? Ndugu yako na msafara wake wanakula pale kila Jumatano. Wanalamba mpaka vidole!" Nikampa bakuli langu lenye mfuniko aniletee nionje. Nilitaka nijifunze kwa mwenzangu, mjinga mimi.

Leo bakuli limerudi. Nimechovya mkate, nikameza, nikakaa chini palepale sakafuni. Ni mchuzi wa mama. Kitunguu kimeunguzwa kwenye mafuta mpaka kikawa cheusi, kikatupwa, mafuta yakabaki. Ufuta umesagwa pamoja na ndimu kavu. Mama hakumfundisha mtu mwingine zaidi yetu sisi wawili, na mama yuko kaburini. Mimi kilomita ya 260 nilipita tu nikija huku, sijawahi kukanyaga.

Nani anapika huko?

Dada yako

*

Kilomita ya 260
2 Aprili

Dada,

Shikamoo. Natumaini u mzima. Mimi usingizi umenikimbia tangu nipate barua yako.

Ni mke wangu. Nilioa wiki ileile uliyohamia, nikashindwa kukuambia. Nilipokuita nilikuwa na nia safi, naapa. Lakini alipoona ukuta wako mweupe naye akataka mgahawa wake, akaniambia msafara hauwezi kula mara mbili, nichague. Mchuzi nilimfundisha mwenyewe, nimesimama jikoni kwake. Habari ya tajiri na mtambo niliitunga.

Ila dada, usinikasirikie kwa hili ninalokuuliza. Bado haujafika ule wa mama. Ukishameza, kuna kitu huwa kinabaki ulimini, na hapa hakipo. Madereva hawajui, mimi najua. Mama alikuwa anatia nini?

Mdogo wako

*

Kilomita ya 209
10 Aprili

Shikamoo yako leo siiitikii.

Nimeisoma barua yako nimesimama, nikaisoma tena nimekaa, na mara zote mbili imenichoma. Kuoa, ungeniita ningekuja kucheza mpaka magoti yagome. Mkeo naye simjui, sina neno naye. Lakini wewe ulikuwa unaniona. Kila Jumatano ulikuwa unaniona mlangoni na upawa wangu, honi iko chini ya mkono wako, halafu unatazama mbele. Umenisaliti, mdogo wangu, na umenitoa kazini kwangu ili uje unisaliti huku.

Hicho kinachokosekana nakijua. Mama alinionyesha siku moja wewe umelala mapajani mwake, na mate yako yamelowesha kanga yake. Nilikuwa nimekuwekea. Nilipanga nikufundishe siku ya kwanza msafara wako utakaposimama kwangu.

Shuleni wamenirudisha. Mabenchi nimempa dereva wa boza, na Jumatano ananichukua mimi na sufuria langu. Tutapita hapo kwenu saa ya chakula, mtakuwa mmekaa mnakula. Nimemwomba asipige honi.

Mpishi wa kilomita ya 209