Udi Chumbani Osaka

Alhamisi, 6 Agosti. Mabela, Maskati
Nguo zimeshafukizwa udi. Masanduku yamefungwa. Chupa ya achari nimeitia ndani ya soksi za mwanangu Haitham isivunjike. Baba Raya hakupewa likizo, sasa anasema tughairi. Ati mwanamke peke yake na vijana wawili, Japani, huko hata kibao hujui kusoma. Sighairi. Raya anakwenda kusoma Uingereza mwisho wa mwezi. Mwaka mzima naishi na mlango wa chumba chake, mwenyewe simwoni. Nnamtaka binti yangu anirudie kabla hajaondoka. Basi.

Jumapili, 9 Agosti. Osaka
Joto la huku na la Maskati ni moja, ila kwetu tunalikimbia ndani ya gari. Huku miguu tu. Yangu imevimba. Raya kajifunza Kijapani kwenye katuni, anasoma vibao, anakata tiketi. Anatangulia mbele kama hatujui. Leo kwenye treni kaenda kukaa behewa jengine. Haitham kanambia, "Anasema watu wanakutazama, Mama. Hilo buibui." Wanitazame! Nimewaibia?

Jumanne, 11 Agosti
Ngome ya Osaka tumeiona. Ngazi zake zimenitoa roho, lakini nimefika juu. Raya kapiga picha chungu nzima. Mie simo hata moja.

Ijumaa, 14 Agosti
Aibu. Aibu tupu.
Ijumaa ni Ijumaa popote ulipo. Nikatoa chetezo changu cha umeme, nikatia udi kidogo, nikafunga mlango na dirisha moshi ukolee kwenye nguo, kama nifanyavyo nyumbani kila wiki. King'ora! Hoteli nzima ikateremka barabarani, wengine na ndara za chumbani. Kijana wa zimamoto akatoka na chetezo kakishika mbali kama panya aliyekufa. Haitham kacheka mpaka kakaa chini. Raya ndiye aliyewaomba radhi watu, anainama kwa huyu, anainama kwa yule. Halafu kanigeukia: "Mama, kwa nini huwezi kuwa kama watu?"
Imeniuma. Nimelia msalani, nimenawa uso, nikachukua boksi la halua niliyokuja nayo kwa zawadi. Nimeteremka, nimempa msichana wa mapokezi kwa mikono miwili, nikainama mwenyewe. Sikumwita Raya anisemee.

Jumamosi, 15 Agosti
Nimefua kila kitu kwa mashine ya hoteli. Nanuka sabuni. Haitham alidhani leo hatutoki. Tumetoka! Safari hii nimeipigania, sikai chumbani kwa ajili ya king'ora. Tumezunguka mpaka tukachoka, tumekula wali na samaki, hauna hata chumvi. Achari ndiyo iliyotuokoa. Raya kaila kimya kimya.
Kurudi tulipata viti pamoja. Raya kasinzia begani kwangu, kama alipokuwa mdogo. Ghafla kainua kichwa, uso kaukunja.
"Mama, mbona hunukii?"
Nkamwambia, si ulitaka niwe kama watu.
Kakirudisha kichwa palepale, kalala. Kituo chetu kikafika, Haitham akasimama. Nikamfanyia ishara akae. Tumepitiliza, tukarudi na treni nyengine. Sijali.

Ijumaa, 28 Agosti. Mabela
Raya anaondoka keshokutwa. Asubuhi nimefukiza nyumba, na mimi mwenyewe. Kaja kasimama mlangoni muda, kaenda zake. Mlango wa chumba chake kauacha wazi.
Baada ya chakula nautafuta mtandio wangu wa kijani niliouvaa nikifukiza asubuhi. Kabatini haumo. Kwenye kamba haumo. Nimeingia chumbani kwa Raya kumtilia dawa ya mafua sandukuni, nikauona chini ya masweta. Kautia ndani ya mfuko wa nailoni, kaufunga fundo harufu isitoke.
Nimeurudisha ulivyokuwa. Nitavaa ule wa buluu.