Maneno Kumi ya Redempta

Jumatatu, 4 Machi 1996

Darasa saa kumi kama kawaida, ukumbi wa parokia, Majengo. Leo zamu ya mzee Shayo, dereva mstaafu. Amezungumza kuhusu mahari. Kiingereza kilikwama mara nyingi lakini hakukaa mpaka amemaliza. Kisha akaandika maneno yake kumi ubaoni. Ndio utaratibu wa Mwalimu Kimaro: kila mmoja aeleze jambo la mila au jamii, atuachie maneno kumi mapya, sisi tuyanakili na kuyatungia sentensi.

Saba sikuyajua. Sasa nayajua.

Tangu kiwanda cha kahawa kitupunguze sina kazi ya maana. Hoteli za watalii zinataka mtu wa mapokezi mwenye Kiingereza. Nina miaka thelathini. Siwezi kusubiri.

Jumamosi, 9 Machi

Mvua tangu asubuhi. Redempta amekuja na kamusi yake. Vyumba vyetu vinatazamana. Kiwandani tulikaa meza moja, tukapunguzwa siku moja. Zamu yake ni Jumatatu na bado hana mfano. Anataka kuzungumzia urithi. Kwao ni Singida, akaniuliza sisi Wachagga tunafanyaje.

Tulikuwa tunamenya ndizi za mtori. Sijui kwa nini nilisema. Pengine kwa sababu ni Kwaresima na sijawahi kuungama jambo hili hata kwa padri.

Nilimwambia yote. Baba alipofariki nilikuwa na miaka kumi na sita. Tulikuwa mabinti tu, hakuna wa kiume. Baba mdogo akaleta karatasi nyumbani Kibosho. Mama hajui kusoma, akanipa mimi nimsomee. Karatasi ilisema mama anamwachia baba mdogo kihamba chote, shamba letu la ukoo, moja kwa moja. Mimi nikasoma kwamba atakitunza tu, mpaka mama apate nguvu. Baba mdogo alikuwa ameniahidi ada ya kidato cha tatu. Mama akaweka dole gumba.

Ada ililipwa mwaka mmoja.

Mpaka leo mama anasema karatasi ilibadilishwa. Ukoo unamwita mkorofi. Anakaa kwenye kibanda juu ya mfereji, na mimi nimenyamaza miaka kumi na minne.

Redempta alinishika mkono. Akalia hata kuliko mimi. Nilijisikia mwepesi.

Jumatatu, 11 Machi

Amesimama na kuisema. Yote.

Karatasi. Dole gumba. Ada. Hata Kibosho aliitaja. "Msichana mmoja ninayemjua," ndivyo alivyoniita. Alizungumza vizuri. Hajawahi kuzungumza vizuri hivyo. Mama mmoja mbele yangu alifuta machozi.

Kisha akaandika maneno kumi ubaoni. Inheritance, urithi. Widow, mjane. Thumbprint, alama ya dole gumba. Deceive, kudanganya. Nikanakili, nifanye nini? Mwalimu akataka kila mtu atunge sentensi kwa neno deceive. Watu kumi na wanane wakatunga sentensi kuhusu mimi. Ilipofika zamu yangu nilisema naumwa kichwa.

Mwalimu amesema hii ndiyo bora kuliko zote tangu kozi ianze. Atampeleka Redempta kwa rafiki yake mwenye hoteli.

Jumanne, 12 Machi

Nimekwenda mlangoni kwake. Alikuwa anapiga pasi blauzi ya usaili.

"Sikutaja jina lako, Apolonia," akasema.

Nikamuuliza kama aliniona nilivyokaa pale. Akasema aliniona, lakini alikuwa ameshaanza. Akasema hadithi ile ingesaidia wajane. Akasema na yeye ana shida, hakuna anayejua shida zake. Nilimsikiliza. Alipomaliza akaendelea kupiga pasi.

Namchukia. Naandika hapa ili nisimwambie mtu mwingine.

Jumatano, 13 Machi

Baada ya darasa Bwana Massawe amenifuata uani. Ni mwanafunzi mwenzetu, karani, jirani yetu kule Kibosho, na kila Jumamosi hupanda kwao. Aliuliza taratibu kama msichana wa hadithi ya Jumatatu ni wa kwa marehemu baba yangu. Nikafunga daftari langu. Akatazama viatu vyake. Akasema pole.

Kwa hiyo amejua. Jumamosi mama atajua.

Hapana. Atajua kutoka kwangu.

Alhamisi, 14 Machi

Nimepanda Kibosho asubuhi. Mama alikuwa anakatia ng'ombe majani. Nikamwambia shikamoo, akaitikia, akanionyesha kigoda. Sikukaa. Nilisema nikiwa nimesimama, kwa Kichagga, ili nisijifiche popote.

Aliacha kukata. Mundu ulikuwa bado mkononi. Nilitaka anipige.

"Siku ile nilijivunia sana," akasema. "Nilisema, mwanangu anasoma."

Basi. Akarudi kwenye majani. Nikangoja mpaka mchana. Alipita mbele yangu mara tatu kama vile mimi ni nguzo ya nyumba. Nikashuka mjini bila kuaga, maana sikujua niage vipi.

Jumatatu, 18 Machi

Sikwenda darasani. Redempta ameanza kazi hotelini. Nimemwona asubuhi, sketi nyeusi, kitambaa shingoni. Alinisalimia. Sikuitikia.

Jioni nimekuta chini ya mlango wangu ameacha kamusi. Nimeirudisha chini ya mlango wake.

Ijumaa, 22 Machi

Ujumbe kutoka kwa mama, kupitia Bwana Massawe. Amepeleka shauri baraza la kata. Litasikilizwa Jumamosi ya tarehe 30. Ananitaka niende nikaseme mbele ya watu. Hakutuma salamu.

Nitakwenda.

Jumamosi, 30 Machi

Nimesema. Ofisi ya kata ilijaa, wengine walisimama madirishani. Baba mdogo alikaa mbele na kofia yake magotini. Mwenyekiti akanipa ile karatasi niisome. Niliisoma ilivyo, neno kwa neno. Kisha nikasema nilivyoisoma zamani, na nililipwa nini.

Nyuma mtu alisema, "Binti gani huyu." Ana haki.

Baba mdogo hakukana. Alisema tu kwamba amekilisha kihamba kile samadi miaka yote. Wazee wakashauriana. Mama amerudishiwa sehemu ya chini, mpaka kwenye mfereji. Ya juu itasikilizwa tena. Mwenyekiti akasema mbele ya wote kwamba mama hakuwahi kusema uongo. Hapo ndipo mama alipojifunika uso kwa kanga.

Watu watasema Redempta ndiye aliyetusaidia. Hapana. Aliniuza kwa maneno kumi na kazi ya mapokezi. Na mimi nilimuuza mama kwa ada ya mwaka mmoja. Sijui kama kuna tofauti. Naona hakuna, na bado namchukia.

Jumapili ya Matawi, 31 Machi

Nililala kwa mama mdogo. Misa ya kwanza. Mama alikaa mbele na wajane wenzake, mimi nyuma.

Baada ya misa alikwenda moja kwa moja kwenye sehemu aliyorudishiwa. Nikamfuata kwa mbali. Miti ya kahawa imezeeka, mingine imeng'olewa kupisha nyanya. Samadi ya baba mdogo sikuiona; magugu yamefika kiunoni. Mama alivua kitenge cha kanisani, akakitundika kwenye mgomba, akaanza kung'oa. Hakuniita. Hakunifukuza.

Nikaanza upande wa pili.