Yaya, Jina Halijulikani

Jumatano, Kibiti. Rasharasha tangu asubuhi, na umeme unakuja na kuondoka.

Kuna sauti moja haijanitoka tangu Ijumaa. Ni ukucha wa bibi yangu ukigonga kioo cha simu. Tak. Tak. Ukucha mgumu, wenye hina ya Idi iliyobaki kwenye ncha tu, ukimgonga msichana aliyesimama pembeni mwa picha ya zamani. Kila akigonga picha inaruka, inakuwa kubwa, inapotea, na binamu yangu Zuhura anairudisha huku analalamika: "Bibi, usibonyeze, unaitoa!" Bibi anagonga tena.

"Si mie huyu? Mie huyu!"

Ndiye yeye. Nilijua kabla yake. Nilijua wiki kadhaa kabla yake, na ndiyo maana leo ninaandika.

Niieleze kwanza kazi yangu, maana hata nyumbani hawaielewi. Wanasema "anafanya kompyuta". Niko kwenye mradi mdogo wa maktaba. Tunakusanya picha za zamani kutoka kwa familia za delta ya Rufiji na za miji ya mtoni, tunazipitisha kwenye skana, kisha kila picha tunaiandikia maelezo: ilipigwa wapi, lini, aliyepiga ni nani, ina nini, ina nani. Maelezo hayo ndiyo metadata. Asiyeijua kazi hii huona picha ndiyo mali, na maelezo ni gazeti la kufungia. Sivyo. Picha isiyo na maelezo imo kwenye kompyuta kama vile haimo. Katalogi haitafuti sura za watu, inatafuta maneno.

Na ninavipenda viwango. Najua ni kitu cha ajabu kukipenda. Napenda kwamba maktaba nyingi zimekubaliana kujaza visanduku vilevile, kwa utaratibu uleule, hivi kwamba mtu aliyekaa Mtwara akitafuta jina la babu yake analikuta kwetu bila kutujua. Chuoni niliandika tasnifu nzima kuhusu kisanduku kimoja tu: jina la mtu. Nilitetea kwamba mtu aandikwe kama anavyojiita mwenyewe, si kama walivyomwita waliokuwa na kamera. Walinisifu. Mwalimu mmoja aliniambia nimeandika kwa uchungu.

Ndiyo. Ni mimi huyohuyo niliyefanya haya ninayoyaandika.

Albamu ililetwa na Mama Shirin; Shirin ni jina lake mwenyewe. Wazazi wake walikuwa na duka la vitambaa na mafuta ya taa Mohoro, zamani, kabla hawajahamia Dar es Salaam. Alikuja mwenyewe kutoka Dar, albamu kaifunga kwenye kitenge kama mtoto mchanga, akakaa na sisi mezani siku nzima kututajia watu. Ni mama mcheshi, kila picha ina hadithi. Mkuu wetu wa kazi alikuwa anauliza, mimi ninaandika.

Ndipo tukafika kwenye ile. Familia imepanga mstari mbele ya duka, cherehani iko barazani, wanaume wamevaa kofia. Pembeni kabisa, karibu akatwe na ukingo wa picha, kuna msichana amejifunga khanga, hana viatu, amebeba mtoto mnene mwenye kofia ya kufumwa.

Mama Shirin alicheka mpaka akafuta macho. "Huyo mtoto mie! Tazameni mashavu! Na huyu Yaya. Alinibeba huyu mpaka nikawa sitaki kukanyaga chini, mama yangu akaogopa miguu yangu ni mibovu."

"Jina lake nani, Mama?" mkuu akauliza.

"Tulimwita Yaya tu. Jina, wallahi, hata. Natamani ningelijua."

Mimi nilikuwa naitazama miguu. Kidole gumba cha mguu wa kushoto kimepinda kwenda nje, kama kinataka kuondoka peke yake. Kidole kile nimekipaka mafuta ya nazi tangu nina miaka ya kukaa mkekani. Nikapandisha macho hadi usoni, na uso ulikuwa wa bibi, bila mikunjo, umetazama kamera kwa ukali wa mtu aliyeambiwa asicheke.

Mkuu akanigeukia. "Rehema, wewe si mtu wa huku? Humjui?"

Nikasema, "Hapana, simjui."

Niliyasema haraka hivyo. Sikusita hata kidogo, na hilo ndilo linaloniogopesha.

Nataka kuandika sababu bila kuipaka rangi. Miezi michache nyuma, tukiwa kwenye chai, wenzangu walikuwa wanazungumzia kwao. Baba wa mmoja ni mhandisi, mama wa mwingine alikuwa mwalimu mkuu. Nikaulizwa na mimi. Nikasema bibi yangu aliyenilea alikuwa mfanyabiashara wa mchele, mtu wa kusafirisha kutoka delta. Mchele alikuwa nao, ni kweli: wa kusaga vitumbua, alivyouza asubuhi kando ya barabara kuu. Kabla ya vitumbua, kabla ya kuolewa, aliondoka kwao Maparoni akaenda Mohoro kulea watoto wa watu. Sikusema hayo. Nilisema "mfanyabiashara", na mkuu akatikisa kichwa kwa heshima, na heshima ile nikaipenda.

Sasa mfanyabiashara wangu alikuwa mezani, hana viatu.

Nikaandika. Kwenye kisanduku cha watu pichani, majina yote ya familia, tahajia sahihi, jina la ukoo mbele. Mwisho: "Yaya, jina halijulikani." Kiwango chetu kinaruhusu. Kinasema usibuni jina; ikiwa umeuliza na hukupata, andika halijulikani. Ni kanuni nzuri, iliwekwa kumzuia mtu kama mimi asidanganye. Nami nikadanganya kwa kuifuata neno kwa neno.

Jioni Mama Shirin aliondoka na kitenge chake kitupu. Alinikumbatia. Aliniambia, "Mungu akubariki, binti, unatutunzia watu wetu."

Rekodi zetu haziishii hapa. Zikishapita, katalogi ya pamoja inazichukua, na kutoka pale zinakwenda kokote. Huo ndio uzuri wa kazi niliyoisomea. Picha ya duka la Mohoro ilipendwa. Mtu akaiweka kwenye kundi la WhatsApp la watu wa Rufiji na Kibiti, na maelezo yake yote chini, kama inavyotakiwa. Ikazunguka mpaka ikafika kwenye simu ya Zuhura, Mtunda, kwenye nyumba niliyolelewa.

Ijumaa nilikwenda kuwasalimia. Niliwakuta barazani wameinamia simu.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mke mwenzangu, njoo upesi! Njoo uone babu yako alivyofaidi!" Bibi huniita hivyo tangu nizaliwe, mke mwenzake, na hunisingizia kwamba namwibia mume ambaye amekwisha kufa. Nikainama na mimi. Tak, tak, ukucha. Alikuwa na furaha ambayo sijaiona kwake siku nyingi. Alikuwa hana picha yake hata moja ya usichana.

"Ona nilivyokuwa mkakamavu! Na hili libonge Shirin, zito kama gunia la mpunga, likishushwa linapiga kelele mpaka msikitini wanasikia." Akageuza kichwa akatazama paa. "Bati zile za mwanzo, mnaziona? Zimetoka kwenye mgongo huu."

Zuhura akashusha maandishi, akaanza kusoma kwa sauti. Akasoma majina ya familia, moja moja, na kila jina bibi anaitikia: "Huyo mkali. Huyo marehemu. Huyo alikuwa ananipa peremende." Kisha Zuhura akasoma: "Yaya, jina halijulikani."

Ukucha ukasimama.

"Halijulikani na nani?" bibi akauliza.

Bibi akajijibu mwenyewe, na hapa ndipo nilipotaka ardhi inifunike. Alianza kuwatetea. Shirin alikuwa mdogo, angekumbuka nini. Wakubwa wamekwisha kwenda zao. Hao wa ofisini ni vijana, watajuaje mambo ya Mohoro. Kisha akaniwekea mkono gotini. "Mke mwenzangu angeiona hii, angewaambia. Eti?"

Nikasema, "Ndiyo, bibi."

Mara ya pili.

Nilikwenda uani kujifanya nachochea moto. Zuhura akanifuata na ile simu. Ni mdogo wangu kwa miaka mingi, aliacha shule, anasuka nywele, na sijawahi kumwogopa kabla ya siku ile. Alishusha maandishi mpaka chini kabisa, mahali ambapo watu hawafiki. Kiwango kinataka kila rekodi ionyeshe aliyeiandaa.

"Dada, si jina lako hili?"

Nikasogeza kuni.

"Jina lako lipo. Jina la baba yako lipo. La bibi ndo halijulikani." Akacheka kidogo, kicheko kibaya. "Mie nilidhani wewe ndo msomi wetu. Kumbe kusoma kwenyewe ndo huku."

"Utamwambia?"

"Simwambii mie. Si kazi yangu kuandika habari za watu."

Akarudi barazani. Nilimsikia anamwonyesha bibi namna ya kukuza picha kwa vidole viwili.

Tangu Ijumaa nimejaribu kujitetea kwa njia zote. Nilijiambia ni neno moja kwenye kisanduku kimoja. Nilijiambia bibi hasomi. Nilijiambia namlinda asiitwe yaya mbele ya nchi nzima. Hiyo ya mwisho ilinishika kwa muda, mpaka nilipokumbuka jinsi alivyotazama paa. Aibu ya kuwa yaya haikuwa yake hata siku moja. Ilikuwa yangu, nikamvika yeye, kisha nikamwondolea jina ili isionekane.

Nilitaka kurekebisha kimyakimya. Ingewezekana. Lakini kiwango nilichokiandikia tasnifu kinasema jina liwe kama mwenyewe anavyojiita, na ili nijue anavyojiita ilibidi nimuulize, na nisingeweza kumuuliza bila kumwambia kwa nini sikuandika mwanzo.

Jumatatu nikapiga simu. Zuhura akampa.

Nikamwambia yote. Nilimwambia kuhusu meza, kuhusu mkuu alivyoniuliza, kuhusu mfanyabiashara wa mchele. Nikamwambia nilikitambua kidole. Upande wa pili nilisikia kuku, na mtu anatwanga kwa jirani. Bibi yangu kwa kila kosa langu, tangu kuvunja sahani mpaka kukosa msiba wa shangazi, amekuwa akisema, "Si kitu, mke mwenzangu." Nilikuwa naingoja. Nakiri nilipiga simu nikiwa naitegemea.

Hakuisema.

Alisema, "Haya, Rehema."

Sikumbuki lini aliniita Rehema.

Nikamuuliza nimwandikeje. Akasema, "Mwanahawa binti Athumani." Nikaandika. Nikamuuliza kama angependa niondoe lile neno, yaya, niandike labda msaidizi wa familia.

"Kwani ni uongo?" akasema. "Nilikuwa yaya. Liache."

Kisha akasema kuku wanaingia ndani, akampa Zuhura simu, na Zuhura akakata.

Jana sikufanya lolote. Nilikaa na karatasi yenye jina.

Leo asubuhi nimefungua rekodi. Watu pichani: nimefuta "jina halijulikani", nimeandika Mwanahawa binti Athumani, yaya. Chanzo cha taarifa: mwenyewe. Hapo ilikuwa rahisi. Lakini mfumo haukubali badiliko bila kujaza kisanduku cha mwisho, sababu ya marekebisho, na kilichoandikwa humo kikishatumwa hakifutiki tena. Kinakwenda kwa mkuu ili apitishe, na nakala inakwenda kwa aliyetoa picha, yaani Mama Shirin. Hapo sote huwa tunaandika "kosa la uchapaji" tukaendelea na chai.

Nimeandika: kosa la uchapaji.

Nimeyatazama maneno hayo, yamekaa vizuri, hayamdhuru mtu. Umeme ukakatika. Uliporudi, kisanduku kilikuwa kitupu, nami ikabidi nianze upya, na mara hii mkono haukutaka kuyarudia.

Nimeandika: "Mwandishi wa rekodi hii ni mjukuu wa aliyetajwa. Alimtambua siku ya kwanza, akaulizwa, akakana kwa aibu." Tunafundishwa kwamba sababu iwe fupi na isiwe na hisia. Nimeliacha neno aibu kwa sababu ni taarifa.

Nimetuma. Mkuu yupo ofisini kwake, mlango umefungwa, na sijui kama ameisoma. Mama Shirin naye ataisoma, leo au kesho, na atajua kwamba binti aliyemkumbatia ni mjukuu wa yule aliyembeba, na alimnyamazia pale mezani. Labda mkataba wangu hautaongezwa. Labda bibi ataendelea kuniita Rehema.

Kisha nimemtumia Zuhura kiungo cha rekodi. Nimemwomba amsomee bibi yote, pamoja na sababu, mpaka chini kabisa lilipo jina langu.