Watoto Sita wa Bosi

Baba Sechelela,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini siwezi kukuandikia bila shikamoo, mkono wenyewe utagoma.

Wamezaliwa! Sita! Jana asubuhi, chini ya meza ya jikoni kwako hapa Nzuguni, yule mbwa jike Tausi amezaa watoto sita wa Bosi, na Bosi mwenyewe tulishamzika nyuma ya zizi kabla hata wewe hujaugua. Madume wanne, majike wawili. Mmoja ana doa jeupe kifuani kama la baba yake. Nililia mbele ya mkeo bila aibu.

Ngoja nikueleze taratibu, maana kwa furaha hii maneno yananikimbia.

Unakumbuka tulivyopunguzwa kazi idara ya mifugo, mimi na wewe kwa barua za siku moja. Biashara binafsi zikawa ruksa, makampuni ya ulinzi yakazuka kila kona, yote yanatafuta mbwa wakali. Wewe ukasema damu ya Bosi isipotee. Miaka yote tulipandisha ng'ombe kwa mbegu zilizogandishwa, kwa nini isiwe mbwa? Ukakamua mbegu zake, ukachanganya na kiini cha yai (mayai ambayo Mama Sechelela mpaka leo anasema uliyaiba), ukazijaza kwenye mirija myembamba na kuizamisha ndani ya mtungi wa naitrojeni ya maji, yenye baridi ya kugandisha. Mtaa mzima ukacheka: bwana mifugo kachanganyikiwa! Na mimi, nisamehe, nilikuwa nikikuitikia "ndiyo, mzee" huku moyoni nacheka nao.

Ulipolazwa ukaniachia mtungi. Nilipandisha mbwa majike wawili wa Ihumwa, mmoja baada ya mwingine, na hakuna aliyeshika mimba. Nikaja kitandani kwako kukupa habari. Ukaniuliza kama nilifuata kila kitu. Nikajibu kila kitu. Ukasema, "Basi ni mimi. Niliziua kwenye kugandisha." Wiki ileile ukatutoka.

Ilibaki mirija miwili. Sikuwa na moyo wa kuitupa, nikaendelea kuomba naitrojeni ya kujazia mtungi kwa wenzetu waliobaki kazini, nao wakinitania. Baada ya arobaini yako, Tausi akaanza kutoka damu ya kutaka dume. Ilikuwa asubuhi. Nikachemsha vyombo ili jioni nimpandishe. Mkeo akaniuliza naharakia nini. Nikamweleza kitaalamu kabisa, ng'ombe akionekana anataka dume asubuhi, jioni anapandishwa.

Aliniangalia mpaka nikajisikia vibaya. "Yona mwanangu, huyu ni ng'ombe? Bosi alikuwa anafuata jike wiki nzima na zaidi, anang'atwa tu. Baba Sechelela alikuwa anasubiri damu ipungue, mpaka ukimshika jike mgongoni apeleke mkia pembeni."

Nilikaa chini palepale. Wale wawili wa Ihumwa niliwapandisha jioni ya siku ileile ya damu. Ungeniuliza siku, ungejua. Mimi ningekuuliza, ningejua. Lakini nilijiona fundi.

Basi tukasubiri. Kila asubuhi mkeo anamshika Tausi mgongo, anatikisa kichwa. Siku ya kumi na mbili akapiga kigelegele, mkia umeenda pembeni! Nikaiyeyusha mirija kwenye maji ya uvuguvugu, nikaingiza mbegu, kisha tukamwinua miguu ya nyuma ili zisimwagike. Dakika kumi tumemshikilia kama toroli, majirani wamejaa uani, Mama Sechelela anaimba pambio Tausi atulie. Mzee, tulicheka! Ulikosa jambo.

Hapo ndipo furaha yangu inaponichoma. Uliondoka ukiamini kazi yako ilikuwa bure, na aliyekupa imani hiyo ni mimi.

Waliokucheka wanaingia na kutoka jikoni kwako tangu jana, wanataka kushika watoto, wanakusifu. Nami kila mmoja namwambia kwa mdomo wangu kwamba aliyeharibu Ihumwa ni mimi. Wengine hawataki hata kusikia, wanaangalia watoto tu. Nitawaambia hivyohivyo, na yeyote nitakayemfundisha kazi hii atalisikia kosa langu kwanza.

Lala salama, Mzee. Hukuziua.

Mwanafunzi wako,
Yona