Sehemu Iliyofungwa

Taufiq, natoka kwa Nabhan hapa Mkomani, sijui nicheke au nilie.

Dada yake kwa baba, Huwaida, alimwekea Windows upya kwenye kompyuta ya nyumba ya wageni aliyoiacha baba yao. Nabhan akaona kuna sehemu ndogo ya diski haifunguki. Akashuku papo hapo.

"Sehemu hii ya nani?"

"Ya kompyuta yenyewe, kaka. Siku ikianguka, hiyo ndiyo itakayoiinua."

"Itaangukaje, nayo iko mezani?"

Wallahi alisema hivyo. Iko mezani.

Kisha akaja juu: "Umegawa bila wenyewe kuwapo. Umeficha nini humo? Ifute."

Huwaida akamweleza kwamba bila hiyo, kompyuta ikiharibika itakuwa kazi kuirudisha. Nabhan hasikii. Ifute, ifute.

Huwaida hakufuta kitu. Alifunga mkoba wake, akasema polepole: "Sehemu hii umeiona mara moja. Sehemu yangu katika nyumba hii hujaiulizia tangu baba azikwe."

Tangu baba azikwe, Taufiq.

Huwaida alipotoka, Nabhan hakuitaja kompyuta tena. Aliuliza ni nani aliyemtia dada yake maneno hayo, na jicho lote lilikuwa kwangu.