Pesa Zilizohesabiwa Mara Mbili

Mdogo wangu wa damu,

Sisi ni wazima, na miguu yangu imeacha kuvimba. Mwanao, huyu binti yangu, amerudi kazini Benki Kuu, tena amepandishwa cheo.

Barua iliyopita nilikwambia yuko likizo. Haikuwa likizo. Alisimamishwa kazi miezi mitatu, nikaona aibu kukuandikia.

Kazi yake ni kulinganisha pesa zote zilizomo nchini na mali yote tunayozalisha kwa mwaka. Pesa zikizidi mno, mikopo hubanwa. Basi wakubwa wakasema zimezidi. Mwanao akasema hapana, pesa ambazo mabenki yamewekeana yenyewe kwa yenyewe zimehesabiwa mara mbili. Alinieleza jikoni: "Mama, ukimimina maji ya ndoo hii kwenye ile, utasema una ndoo mbili za maji?" Hata mimi niliyeishia darasa la nne nilielewa. Wao wakamwita mjeuri, wakamtaka aombe radhi. Akakataa katakata. Ubishi huo ni wa kwetu, unaujua.

Wakaguzi wakarudia hesabu yote, wakakuta aliyepatia ni yeye.

Juzi mkurugenzi wao alikuja mwenyewe na tai yake, akasimama mlangoni kwangu. "Mama, binti yako alikuwa sahihi."

Nikamwambia masikio yangu mazito, arudie kwa sauti. Akarudia. Masikio yangu hayana ubaya wowote, mdogo wangu, ila majirani walikuwa mbali kidogo.

Ni mimi dada yako,
Mama Mchumi